Madesa ni ya Nani?

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, wiki ya kwanza ya mitihani, na duka la Mama Kopi likabaki na mashine mbili zilizonyamaza na watu watano wasio na pa kwenda. Duka si kubwa. Lipo nje ya geti la chuo kimoja cha Dar es Salaam, kati ya muuza chipsi na fundi simu, na ubao wake unaahidi kopi, uchapaji, kujalidi na kutia vyeti plastiki. Mama ana jina lake kama watu wengine, ila vizazi vya wanafunzi vimemwita Mama Kopi mpaka ameacha kubishana.

Mjadala ninaousimulia haukuandaliwa na mtu. Ulianzishwa na simu ya binti wa mwaka wa tatu aliyekuwa akitafuta madesa, yaani notisi za kunakiliana, ya mtihani wa kesho yake. Alikuwa amepata kitini. Ukurasa wa kwanza ulisomeka vizuri. Kuanzia wa pili maandishi yalifunikwa na ukungu, na juu ya ukungu palikuwa na kitufe: lipia, au pandisha nyaraka zako ndipo ufunguliwe. Aliyekaa naye benchi moja alikuwa mhadhiri, mapajani ana kitabu cha maktaba kilichochomekwa vipande vya karatasi. Akachungulia. Si ustaarabu kuchungulia simu ya mtu, lakini benchi lenyewe ni fupi. Katika ule ukurasa wa wazi palikuwa na jedwali ambalo asilimia zake, ukizijumlisha, zinafika 104. Akaomba simu, akajumlisha tena kwa mdomo, akavua miwani.

MHADHIRI: Hiki ni changu. Hii mia na nne ni yangu. Nilikiandika mwaka 2016, na mwaka uliofuata nikaisahihisha. Nani kakiweka huku?

MWANAFUNZI: Shikamoo Dokta. Si mimi, kweli. Mwaka 2016 nilikuwa darasa la saba.

MHADHIRI: Marahaba. Sijasema ni wewe. Nasema jina langu halipo, la chuo lipo, na bei ipo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupita huko, tovuti za namna hii ni nyingi na hadithi zao za kuzaliwa zinafanana. Course Hero ilianzishwa mwaka 2006 na Andrew Grauer alipokuwa mwanafunzi wa Cornell, Marekani. Studocu ilianzishwa mwaka 2013 na wanafunzi wa Delft, Uholanzi. Wote waliona jambo ambalo kila aliyepita chuo analijua: notisi nzuri hufa siku ya mtihani, zikaishia chini ya godoro, na mwaka unaofuata mwingine anaanza upya kuziandika. Wakasema tuziweke pamoja. Hakuna wa kulipinga wazo hilo. Kisha likawa biashara, na si biashara ya genge. Desemba 2021 Course Hero ilichangiwa na wawekezaji dola milioni 380 na kuthaminiwa dola bilioni 3.6. Sehemu kubwa ya ghala lake ni karatasi zilizopandishwa na wanafunzi, nyingine za jasho lao, nyingine kama hizi zitakazosimuliwa sasa.

MWANAFUNZI: Dokta, bei yao ni ya dola, na bumu lenyewe la mkopo halijaingia. Kwa hiyo tunapita mlango wa pili. Unapandisha nyaraka, wanakuhesabia, wanakufungulia. Mimi mwaka wa kwanza nilipandisha kumi. Tatu zilikuwa notisi zangu mwenyewe. Saba... zilikuwa za watu.

MKENYA: Za watu gani?

Aliyeuliza ni kijana kutoka Kenya anayesoma shahada ya uzamili hapa. Alikuja kujalidi tasnifu yake na alikuwa na haraka kabla umeme haujakatika.

MWANAFUNZI: Za CR wetu, kiongozi wa darasa. Na mitihani ya nyuma. Na kitini cha mwalimu wa takwimu, lakini huyo ameshahama.

MHADHIRI: Kuhama si kufa, binti.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu naona ndipo jambo lote lilipo, na ndipo mabishano mengi ya tovuti hizi yanapopita bila kutazama. Wanaozilaumu husema wizi. Wanaozisifu husema kugawana. Huu mlango wa pili hauko katika neno lolote kati ya hayo mawili. Asiye na fedha anaombwa kitu, naye hana kitu, basi analeta cha mwenzake, kama mtu anayechangia shughuli kwa mchele wa jirani. Shughuli inafana, aliyeleta anashukuriwa, na jirani anashangaa debe limepungua. Yule binti hakuwa na nia mbaya hata chembe. Mlango umejengwa hivyo.

MAMA KOPI: Mimi nawasikiliza nacheka moyoni. Tovuti, tovuti. Tovuti ni mimi! Faili lile la kijani mnaliona? Madesa ya sosholojia. La bluu, sheria. Lile lisilo na jalada ni mitihani ya nyuma tangu enzi za kukata stensili. Mtoto anakuja saa mbili usiku machozi yanamlenga, namtolea kurasa thelathini, shilingi 50 kila ukurasa, akikosa namkopesha. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniita mwizi.

MHADHIRI: Kwa sababu tunakujua, Mama.

MAMA KOPI: Ndiyo hilo! Mnanijua. Wewe mwenyewe ulinijia mwaka juzi, ukasema Mama, hicho kitini kimepitwa na wakati, kitoe kwenye faili. Nikakitoa ukiona kwa macho yako, na kesho yake muuza karanga akafungia karanga. Hao wa huko utawakuta benchi gani? Halafu mimi siuzi maneno. Nauza karatasi, wino na umeme, ukiwapo. Ukurasa wenye akili na ukurasa wa mapicha kwangu bei moja.

Mzee mmoja alikuwa kimya mpaka hapo, ameshika cheti cha kuzaliwa cha mjukuu kinachosubiri plastiki. Ni mkutubi mstaafu, na alipoanza kuongea ilionekana amelea vijana wengi waliorudisha vitabu kwa kuchelewa.

MKUTUBI: Mwanangu, usijitetee kwa bei. Kuna duka kama hili lilifikishwa mahakamani kwa kazi hiihii.

MAMA KOPI: Wapi tena, Mzee?

MKUTUBI: India. Duka linaitwa Rameshwari, lipo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Delhi. Agosti 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walilishtaki pamoja na chuo chenyewe. Kosa lake ni kutoa kopi za sura za vitabu, sura ya hiki na sura ya kile, zinajalidiwa pamoja kwa mtaala wa kozi, mwanafunzi ananunua.

MAMA KOPI: Kama ninavyofanya mimi.

MKUTUBI: Kama unavyofanya wewe. Sasa ajabu ni kwamba baadhi ya wasomi ambao vitabu vyao ndivyo vilivyotajwa kwenye shauri waliandika barua ya wazi kuwasihi wachapishaji waliache. Septemba 2016 Jaji Rajiv Sahai Endlaw wa Mahakama Kuu ya Delhi akalitupa. Sheria ya India ya 1957, alisema, inaruhusu kunakili katika kufundisha na kufundishwa, na haibadiliki kuwa kosa eti kwa sababu mashine ni ya mwenye duka. Akasema na neno moja lililowachoma wengi: hakimiliki si haki iliyoshuka kutoka kwa Mungu. Kwenye rufaa, Desemba mwaka huohuo, majaji wawili walirudisha suala moja la ushahidi likachunguzwe, ila msingi wakauacha ulivyo. Machi 2017 wachapishaji wakaondoa shauri lao.

Oxford hiyo si mgeni kwetu. Ndiyo ile tuliyozoea kuiona kwenye jalada la Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kamusi ambayo nakala ya kwanza kuimiliki mimi ilikuwa kopi, kurasa zake zimepinda upande mmoja. Nalitaja hili ili msomaji asidhani nimekaa juu ya mti nikiwatazama wengine.

MHADHIRI: Hiyo ni India. Hapa tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999.

MKUTUBI: Nayo ina ruhusa zake. Mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi, mwalimu kutumia kazi ya mwingine kuwa mfano wa kufundishia ilimradi ataje ilikotoka. Ruhusa hizo ameandikiwa msomaji na mwalimu. Mfanyabiashara hajaandikiwa.

MAMA KOPI: Samahani Dokta, hicho kitabu mapajani ni cha nini?

MHADHIRI: Sura mbili tu. Maktaba ina nakala moja, darasa lina watu 140.

MAMA KOPI: Sijauliza hesabu. Nilitaka kusema habari za nyani na kundule, nimeacha kwa heshima yako.

Tulicheka wote, Dokta naye akacheka, ingawa alikuwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kuacha. Akakigeuza kitabu akatuonyesha jalada.

MHADHIRI: Mtanicheka, lakini tofauti ipo. Jina la mwandishi litabaki juu ya kila ukurasa. Mwanafunzi atajua nani kasema, mwaka gani, akitaka zaidi atakitafuta kitabu. Kitini changu huko kimevuliwa jina, na mtu anakisoma leo na mia na nne yake akidhani ndivyo ninavyofundisha. Si fedha tu inayoniuma. Ni kwamba siwezi hata kujisahihisha.

Hoja hii ilinigusa kuliko ile ya wizi, na sijaisikia ikitajwa mara nyingi. Karatasi ya Mama Kopi inachakaa, inapotea, inafungia karanga, nayo makosa yake yanakufa pamoja nayo. Faili lililopandishwa halichakai. Mwanafunzi wa leo anasoma kosa la miaka iliyopita likiwa jeupe kama limeandikwa asubuhi hii.

MHADHIRI: Tena kitini ni afadhali. Ninachokiogopa hasa ni mtihani. Marekani, Chapman University huko California, kuna mwalimu wa sheria za biashara, David Berkovitz. Alikuta mitihani yake ya mwaka 2021, wa katikati ya muhula na wa mwisho, ipo Course Hero. Machi 2022 akafungua kesi dhidi ya wanafunzi ambao hata majina yao hakuyajua, lengo lake mahakama iiamuru tovuti iyataje. Watu wakamshangaa, mwalimu gani anawashtaki wanafunzi wake. Lakini sikilizeni sababu. Pale alama hupangwa kwa kulinganisha darasa zima. Mmoja akipanda kwa hila, mwingine aliyekesha na vitabu anashuka. Mwizi hakumwibia mwalimu, amemwibia mwenzake.

MWANAFUNZI: Dokta, naomba nisionekane sina adabu.

MHADHIRI: Sema.

MWANAFUNZI: Swali la tatu la mwaka jana na la mwaka juzi ni lilelile. Hata jina la kijiji kwenye mfano halijabadilika.

Pakawa kimya. Nje mtu aliwasha jenereta, likakohoa likazimika.

MHADHIRI: Unajua kutunga mtihani mpya kila mwaka, kozi tatu, watu mia na arobaini, kusahihisha peke yangu?

MWANAFUNZI: Najua ni kazi, Dokta. Lakini mwenye kaka aliyepita hapa swali la tatu analijua. Waliotoka shule ambazo nusu ya darasa wamekuja nao chuo, wanatumiana. Mimi kwetu ni wa kwanza kufika huku. Sina kaka. Kaka yangu ni hiyo tovuti.

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko kesi zote za Delhi na California. Madesa hayajawahi kuwa mali ya wote. Yalipita kwa undugu, kwa ujirani wa chumba hosteli, kwa walioselelea shule moja ya bweni, kwa makanisa na misikiti, kwa vyama vya wanamkoa. Faili la kijani la Mama Kopi lilikuwa huruma kwa wasio na hayo, ilimradi uwe unajua kwamba lipo na uwe na mia mbili tatu mfukoni. Tovuti ilipokuja, kwa muda mfupi, ilivunja ukuta huo. Binti wa Sumbawanga akaona alichokiona mtoto wa profesa. Wanaozipenda tovuti hizi wanapenda hilo, na wana haki. Ila ukuta ulipovunjwa likawekwa geti, na ufunguo wa geti ni dola au mchele wa jirani.

Mkenya alikuwa akizungusha flashi yake kidoleni. Nilidhani amechoka kusubiri.

MKENYA: Acha nami nitubu, kwani leo ni siku ya kutubu. Mimi nimekuwa nikiandika hizi kazi. Nairobi, pale Kahawa, tulikuwa vijana saba ndani ya nyumba moja. Tunaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, usiku kucha, kwa maana mchana wao ndio usiku wetu. Sikujivunia, lakini nilijilipia karo na ya dada yangu. Sasa siku moja natafuta mfano wa kazi fulani, nikapata insha kwenye tovuti moja. Jina la chuo cha ng'ambo, ukungu juu. Ile sentensi ya kwanza nikaitambua. Ni yangu, jameni! Nililipwa dola nne kwa ukurasa kuiandika, na sasa naambiwa nilipe ndio niisome.

MHADHIRI: Wewe uliiuza.

MKENYA: Niliuza, sikatai. Wewe hukuuza, mimi niliuza, na sisi wote wawili tuko nje ya geti.

MAMA KOPI: Na aliyeinunua?

MKENYA: Huyo alipata digrii, Mama.

Alisema haya bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka juzi. Habari ya waandishi hao si siri tena. Mwaka 2024 ilitoka filamu kuhusu wao, The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya na profesa wa Oxford, akienda kuwatafuta Nairobi. Miaka miwili kabla yake Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kuzipiga marufuku huduma za kuwaandikia wanafunzi kazi katika vyuo vya England. Sheria iliwalenga wanaouza. Soko lenyewe likapigwa na kitu kingine.

MKENYA: Ikaja akili unde. Kazi zilikauka mwaka 2023, wiki hadi wiki. Na si sisi pekee. Ile kampuni ya Chegg inayouza majibu ya mazoezi, Mei mwaka huo bosi wake alisema ChatGPT inawavuta wateja, na kesho yake hisa zikaanguka karibu nusu kwa siku moja. Kwa hivyo Daktari, usihangaike sana na hiyo tovuti. Hata yenyewe haijui kama itaamka kesho.

MHADHIRI: Na hiyo akili unde imesoma wapi, kama si vitini vya watu?

Hakuna aliyemjibu. Ni swali la mjadala mwingine, na benchi lilikuwa limeanza kuchosha mgongo.

MWANAFUNZI: Mzee, naomba nikuulize kweli. Zile saba nilizopandisha. Naweza kushikwa?

MKUTUBI: Nikutishe au nikwambie ukweli?

MWANAFUNZI: Ukweli.

MKUTUBI: Ukweli ni kwamba wengi hawashikwi. Lakini yupo kijana wa Kolombia, Diego Gómez, mwanafunzi wa biolojia. Mwaka 2011 aliweka mtandaoni, kwenye Scribd, tasnifu ya mtu mwingine aliyoona itawafaa wenzake. Hakutoza mtu senti. Mwenye tasnifu akamshtaki, shtaka la jinai, kifungo chake kinafika miaka minane. Aliachiwa huru Mei 2017 mjini Bogotá. Hesabu mwenyewe miaka aliyoishi na wasiwasi. Na tovuti? Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inasema mwenye tovuti hana lawama ya alichokipandisha mtu, ilimradi akiambiwa akitoe, atoe. Kwa hiyo faida ina mlango mmoja na hatari ina mlango mwingine. Wewe umesimama kwenye huu wa hatari.

MWANAFUNZI: Kumbe.

MKUTUBI: Nimefanya kazi maktaba zaidi ya miaka thelathini, na niseme kinachoniuma mimi. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa Hinari tangu 2002, majarida ya tiba na afya yanafunguliwa bure au kwa bei ndogo kwa vyuo vya nchi kama zetu. Maktaba zetu zina umoja wao wa kununua majarida pamoja, COTUL. Kenya wana KLISC. Nywila tulikuwa nazo. Nilizibandika ukutani. Wanafunzi walipita chini ya tangazo langu wakienda kwa Mama Kopi.

MAMA KOPI: Tangazo lako lilikuwa la Kiingereza, Mzee, na maktaba mlifunga saa kumi na mbili.

MKUTUBI: Saa mbili.

MAMA KOPI: Wakati wa mitihani mtoto anakumbuka kusoma saa tano.

Hapa niseme upande niliosimama, maana mwandishi wa mjadala anayejificha nyuma ya sauti za wengine ni sawa na aliyekuja harusini kula tu. Sioni faida ya chuo kuzipiga marufuku tovuti hizi, wala ya kuwatisha watoto kwa kesi za Bogotá. Naona chuo kimeacha pengo, na pengo likapata mpangaji. Mitihani ya nyuma ni ya chuo. Vitini vimeandikwa kwa mshahara wa chuo, japo usiku, mke amelala. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake mtandaoni bure kwa dunia nzima, notisi, mazoezi na mitihani, majina ya walimu yakiwa juu. Haikufilisika wala haikupungukiwa waombaji. Jirani zetu Kenya, maktaba kadhaa za vyuo vikuu zimeweka mitihani ya nyuma kwenye hifadhi zao za kidijitali, nazo hazijabomoka. Ukifungua mitihani yako yote ya nyuma, swali la tatu la mwaka juzi halina wa kulinunua. Na mhadhiri analazimika kubadilisha jina la kijiji.

Nilipoyasema haya pale dukani Dokta hakukubali.

MHADHIRI: Watakariri mitihani ya nyuma, vitabu watavisahau.

MWANAFUNZI: Ndivyo tunavyofanya sasa, Dokta. Tofauti ni bei.

MHADHIRI: Na mzigo wa kutunga upya nani atanisaidia?

Swali hilo ni la haki na sikuwa na jibu lake, wala sidhani wakuu wa vyuo wanalo. Mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 140 ni habari ya bajeti, na bajeti haikai kwenye benchi letu. Ila mzigo huo ulikuwapo kabla ya tovuti. Ulifichwa na kutojulikana kwake.

Umeme ulirudi saa saba kasoro. Mashine zikaunguruma, Mama akainuka akajifuta mikono kwenye kanga. Mzee alipatiwa plastiki yake kwanza, kwa umri. Mkenya akapewa ahadi ya saa tisa. Dokta akatoa kitabu, akaonyesha vipande vya karatasi, akasisitiza ukurasa wa jina la kitabu nao utolewe kopi na uwekwe mbele. Kurasa 64, shilingi 3,200. Kabla ya kuondoka alimuuliza binti jina la CR wake.

MHADHIRI: Nitamtumia kitini cha mwaka huu. Jina langu libaki, mwaka ubaki. Na ukimpa mtu, mpe chote, usimpe nusu.

MWANAFUNZI: Asante Dokta. Nikiweke na kwenye faili la Mama?

MHADHIRI: La kijani hapana. Mama, mimi siyo sosholojia.

Wiki tatu baadaye nilimkuta Dokta palepale. Alikuwa ameijaza fomu ya tovuti ya kudai kitu chake, yote ya Kiingereza cha wanasheria, na kitini kimeondolewa. Nilikitafuta mwenyewe kwenye simu yangu usiku ule. Kile hakipo. Kipo kingine, kilekile, kimepandishwa na mtu mwingine chini ya kozi ya chuo kingine. Ukurasa wa kwanza uko wazi, na jumla bado ni 104.